Mkono Uliokataa Kutulia

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila mtaani hakuna aliyekuwa na habari nalo. Walimwita Pindo. Ukimpelekea shati akuzibie tundu kwenye kiwiko, kabla hajakitazama hicho kiwiko ataligeuza shati chini juu, atachungulia pindo lake, na atauliza kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa mama yake: "Nani alikushonea huu upuuzi?" Ukijitetea kwamba ulilinunua dukani hivyo hivyo, atatikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba, kisha atalifumua lile pindo na kulishona upya bila kuombwa. Unalipia tundu peke yake. Pindo ni zawadi, na ole wako uikatae, maana utakalishwa chini usomewe mhadhara mrefu juu ya uzi hafifu na watu wenye haraka.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao, dirisha pana upande wa barabara, meza ya kukatia nguo na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Zamani alikuwa na ya umeme. Hiyo aliiuza siku moja tu baada ya sindano yake kupita katikati ya kidole chake cha shahada, maana yeye alikuwa amepoteza fahamu na mguu wake umebaki umekandamiza kanyagio. Kovu la kidole hicho aliwaonyesha wateja wapya bila haya, na hapo hapo akawapa maelekezo: "Mimi nina kifafa. Nikianguka, niondoleeni mkasi, nilazeni ubavu, msinitie kitu mdomoni, ngojeni nizinduke. Na kitambaa cha mtu msikishike kwa mikono michafu." Wapo waliochukua nguo zao wakaondoka wasirudi. Wengi walibaki, kwa sababu mapindo yale hawakuyapata kwingine.

Kwenye kona, karibu na pasi, palikuwa na kiti. Kiti hicho kilikuwa cha dada yake mkubwa, na hapo ndipo Pindo alipobanwa. Dada mtu alikuwa mwoka mikate hodari, mwenye mikono ya kukanda unga wa kulisha mtaa mzima, lakini baada ya kisa cha sindano aliacha kazi, akaja na kiti chake, akakaa. Hakujua kushona hata kifungo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Cherehani ikiunguruma, yupo salama, na dada anaweza kuchambua mchele au kusinzia. Cherehani ikinyamaza ghafla, dada huyo wima, maana ndivyo mishtuko ya Pindo ilivyoanza: maneno yanakwama, miguu inasimama, kisha anakwenda chini.

Kwa hiyo wakajiwekea desturi. Kila aliposimamisha cherehani kwa hiari yake, ilibidi Pindo atangaze. "Uzi!" akisema, dada anajua uzi umekwisha. "Bobini!" ni uzi wa chini umekwisha. "Nakata!" "Nawaza tu, Dada, kaa chini!" Miaka ikapita hivyo, mwanamke mzima akitoa taarifa kila anapopumzisha mguu, na mwanamke mwingine mzima akiharibu maisha yake juu ya kiti cha mbao. Walipendana sana, na kuna siku walichokana vibaya sana. Pindo hakuwa mtu wa kujihurumia, lakini akiulizwa anataka nini hasa duniani, hakuhitaji kufikiri. Alitaka kufunga mlango wa duka lake kwa ndani, ashone peke yake, na dada yake arudi kwenye mikate.

Dawa alikuwa amekunywa za kila rangi. Kuna watu zinawatuliza kabisa. Yeye zilimpunguzia tu. Ndipo akapelekwa hospitali kubwa, kwa daktari wa ubongo, mama mfupi mwenye viatu vya raba na mazungumzo ya mwendo kasi, ambaye alimpenda tangu siku ya kwanza kwa kuwa Pindo alimwambia koti lake jeupe limeshonwa na mlevi.

"Kuna watu tunaowapasua kichwa," daktari alisema, "tunatoa kile kipande kidogo kinachoanzisha mishtuko, na wanapona au wanapata nafuu kubwa. Lakini lazima tukijue kipande chenyewe. Picha zako za kichwa ni safi, hazionyeshi kovu wala uvimbe. Itabidi tupitishe nyaya nyembamba ndani ya fuvu, tukulaze hapa, tupunguze dawa, tungoje mishtuko ije ijitaje yenyewe."

"Nyaya ndani ya kichwa changu?"

"Ndani kabisa."

"Basi mtoboe matundu madogo," Pindo akasema. "Na yawe na mpangilio."

Dada mtu, aliyekuwa amekaa pembeni na pochi mapajani, alifumba macho.

Nyaya zikapitishwa. Pindo alizinduka akiwa na kilemba cha bandeji, na nyuma ya kilemba mkia wa nyaya za rangi uliokwenda hadi kwenye mashine. Kamera ukutani ilimtazama mchana kutwa. Mwenye mashine alikuwa kijana mrefu wa watu, mpimaji wa mawimbi ya ubongo, mwenye sauti nzito kama ya mtangazaji wa redio. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila waya unasoma, na kila mstari kwenye kioo una jina lake. Pindo aliposikia kwamba na huyu naye huitwa fundi, alimkubali mara moja akawa anamwita "fundi mwenzangu", na kijana akaitikia kwa heshima zote.

Mishtuko ikaja, kama ilivyotakiwa. Ilikuja mibaya, iliyomwacha hoi na ulimi umechubuka, na usingizi wake wa usiku ukawa wa vipande vipande. Lakini haikujitaja vizuri. Ni kama moto unaoonekana kwenye madirisha mawili kwa mpigo: huwezi kujua umewaka chumba gani. Dirisha moja lilikuwa upande wa mbele wa ubongo wa kushoto. Dirisha la pili lilikuwa nyuma yake kidogo, na hilo la pili lilikuwa sehemu inayoendesha mkono wa kulia.

"Mkono gani?" Pindo aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Wa kulia."

"Wa kushonea."

"Huo huo," daktari akasema. Hakuzunguka mbuyu. "Ndiyo maana tunataka kuangalia kitu kingine. Fundi, mwonyeshe."

Mpimaji akasogeza kioo. Mistari ilikuwa inapanda na kushuka taratibu, milima mipana mipana. Akabonyeza, akaivuta karibu, na juu ya mgongo wa mlima mmoja kukaonekana kitetemo kidogo, chembamba, kilichobanana kiasi kwamba Pindo alikikazia macho kama anayetafuta tundu la sindano.

"Hayo ni mawimbi ya kasi," daktari alieleza. "Mawimbi ya kawaida ya ubongo huenda polepole. Haya hupiga mara mia na zaidi kwa sekunde moja. Zamani mashine zetu hazikuyaona kabisa, yalikuwa yanachujwa pamoja na takataka. Siku hizi tunajua kwamba kwa mtu mwenye kifafa, mara nyingi yanapenda kukaa pale mishtuko inapozaliwa. Na uzuri wake, hayangoji mshtuko uje. Yapo hata ukiwa umetulia."

"Kama mshono uliowekwa mwendo mfupi," Pindo akasema. "Sindano inapiga pale pale."

"Barabara. Sasa kuna jambo. Ubongo mzima usio na ugonjwa nao huyatoa, unapofanya kazi. Ukikumbuka kitu, ukitazama kitu, ukichezesha mkono. Ndiyo maana tunataka tuyasome ukiwa umetulia kabisa. Usiku hulali vizuri, mishtuko inatuvuruga. Basi baada ya chakula cha mchana ulale chali, ufumbe macho, usifanye chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

Agizo rahisi, kwa mtu mwingine. Pindo hakuwahi kufanya "chochote" tangu alipojua kushika sindano.

Nesi akamfunika blanketi hadi kidevuni, maana kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kama kinadaiwa. Pindo akafumba macho. Akalala chali. Alikuwa amedhamiria kabisa kutii, na kwa kitambo alitii. Kisha ncha ya kidole chake cha gumba, ikipita tu njia yake, ikagusa pindo la shuka.

Lilikuwa pindo la aibu. Limekunjwa mara moja, mshono umekwenda mrama, uzi umelegea, na mahali fulani uliachia kabisa, kitambaa kikawa kinachanua kama ufagio uliochakaa. Pindo akaondoa mkono. Mkono ukarudi. Alijiambia anakagua tu. Kucha ikauingia uzi, uzi ukavutika, na kwa kuwa uzi uliokwisha kuvutwa hauwezi kuachwa njiani, akaufumua wote, taratibu, macho yamefumbwa, uso umetulia kama wa mtu aliye usingizini.

Na sindano je? Alikuwa nayo. Walipomvua vitu vyake vyote siku ya kulazwa, saa, hereni, pini, alikuwa ameshaihamishia kwenye ukosi wa gauni la hospitali, kwa ndani, pamoja na kipande cha uzi mweupe. Hakuona kuwa amevunja sheria. Angejiona uchi bila hiyo sindano.

Basi mchana ule, na michana iliyofuata, kamera ilionyesha mama aliyelala kwa utulivu wa kupigiwa mfano, na chini ya blanketi mkono wa kulia ulikuwa unakunja, unabana kwa kucha, unachoma, unavuta, unachoma, unavuta. Pindo alijiona amefanya vyema kuliko wote. Hakutikisika. Hakusema neno. Na shuka la hospitali, upande mmoja mzima, lilikuwa limepata pindo la kukunja mara mbili ambalo hata wafalme hawalalii.

Siku majibu yalipoletwa, daktari aliingia pamoja na mpasuaji, mzee mkubwa mwenye mikono mipana ya mkulima na sauti ya chini. Dada mtu alikuwa amekwenda nje kununua maji. Pindo alipoona daktari anavuta kiti badala ya kusimama, alijua.

"Mawimbi ya kasi yapo kote kuwili," daktari alisema. "Yapo mbele, kama tulivyotarajia. Lakini yapo pia kwenye sehemu ya mkono, tena mengi zaidi kuliko mbele. Ukiwa umetulia kabisa."

"Maana yake?"

Mpasuaji ndiye aliyejibu. "Maana yake tunaona kama ugonjwa unakaa kwenye mkono, mama. Na pale mimi sipitishi kisu. Nikipagusa, mkono wako hautashika sindano tena, pengine hata kijiko."

"Kateni mbele tu."

"Tukikata mbele na ugonjwa umebaki nyuma, tutakuwa tumekufungua kichwa bure." Alisema bila ukali, na alionekana kuumia. "Afadhali tutoe nyaya, urudi nyumbani. Tutajaribu dawa nyingine."

Pindo, mwenye jibu kwa kila mtu, aliwashukuru tu. Walipotoka, aligeukia ukuta, kadiri nyaya zilivyomruhusu, akalia. Alililia kile kiti kwenye kona. Alimlilia dada yake, ambaye angekizeekea pale pale, na kulilia ile "Uzi!" na "Bobini!" aliyokuwa ameapa kuiacha hospitali. Kilio kikali, cha kutoa kamasi, na mkono wa kulia ukiwa umekamata ukingo wa shuka kwa nguvu zote.

Dada alirudi akamkuta hivyo, akaambiwa. Hakulia yeye. Dada huyo akipatwa na jambo zito hutafuta kazi ya mikono, kwa hiyo alitangaza kwamba mgonjwa hawezi kurudishwa nyumbani akiwa amelalia shuka lenye uji wa asubuhi, akamwita nesi wasaidiane kulibadilisha. Wakamgeuza Pindo huku, wakamgeuza kule, wakishika mkia wake wa nyaya. Dada akavuta shuka, akalikung'uta, akasimama.

Aliutazama upande mmoja. Akautazama wa pili. Akaupitisha ule wa kwanza katikati ya vidole vyake, na kwa vile hakujua kushona lakini alikuwa amekaa miaka kibao mbele ya mapindo ya aina moja, alimjua mwenye mkono.

"Wewe!" alisema. "Shuka la watu umelifanya nini?"

"Lilikuwa linaachia, Dada."

"Umelishona kwa nini? Kwa meno?"

Dada akaanza kumpapasa, akaanzia mikono ya gauni, akafika kwenye ukosi, akatoa mkono haraka na kuweka kidole mdomoni.

"Sindano!" Alipaza sauti hadi wodi nzima ikageuka. "Mtu mwenye mishtuko! Kitandani! Shetani akikuangusha hiyo sindano ingeingia wapi? Jichoni? Shingoni? Mimi nimeacha mikate yangu nikalinde cherehani, kumbe sindano umeificha kwenye ukosi!"

Nesi alikuwa amejishika kiuno, hajui acheke au aandike taarifa. Daktari alikuwa mlangoni na karatasi za kutolea nyaya. Aliyasikia makelele, akasogea, akalipokea shuka mikononi mwa dada.

"Nisamehe, Daktari," Pindo alisema haraka. "Nitalirudisha lilivyokuwa. Nitalifumua."

"Ulishona lini?"

"Mchana. Nilipokuwa natulia."

Daktari aliinua uso. "Ulipokuwa unatulia lini?"

"Si mlisema nilale chali nifumbe macho? Nilifumba. Nilikuwa nashona chini ya blanketi, kidogo kidogo. Sikuwasumbua."

Daktari akaketi kwenye godoro tupu, shuka likiwa mapajani mwake, akaanza kucheka kwa namna ya mtu aliyekuwa karibu kulia. "Fundi!" aliita. "Fundi, njoo hapa! Na mwiteni mzee asiondoke!"

Mpimaji alikuja mbio. Daktari alimwonyesha pindo, akamwambia maneno mawili tu, na kijana akashika kichwa. "Mkono ulikuwa kazini," alisema kwa ile sauti yake ya redio, iliyokuwa imepungua nusu. "Tumesoma mkono ulio kazini, tukauita mgonjwa."

"Pengine," daktari alimsahihisha. "Bado hatujui. Unaweza kuwa kazini na mgonjwa pia. Lakini sasa tunajua cha kuuliza." Akamgeukia Pindo. "Nyaya hazitoki. Kesho asubuhi utatulia. Utatulia kweli, mikono juu ya blanketi, nikiiona. Utaweza?"

"Nitaweza," Pindo alisema.

Dada alitoa mlio wa pua uliomaanisha asingeweka dau.

Asubuhi ile walijaa chumbani kama wanangoja mpira uanze. Daktari, mpasuaji, nesi, mpimaji kwenye kioo chake. Dada alikaa pembeni, na kwa ombi la Pindo kiti chake kiliwekwa mahali anapoonekana. Mikono miwili ya Pindo ilikuwa juu ya blanketi, viganja vimetazama juu, mitupu kama ya mtoto anayengoja kupewa kitu.

Kushona nguo ya bibi harusi aliyenenepa baada ya kupimwa ni kazi ngumu. Kubadilisha kola ya shati la mistari, mistari ikutane, ni kazi ngumu. Lakini Pindo aliapa baadaye kwamba hakuna kazi iliyomtoa jasho kama ile ya kuacha mkono ulale. Kila kidole kilikuwa na shughuli yake kiliyotaka kuihudhuria. Aliangalia dari. Aliwaza juu ya mikate. Alimtazama dada yake, na dada akamtazama, na Pindo akausikia mkono unalegea, unakuwa mzito, unakuwa wa mtu mwingine.

Bega la mpimaji lilishuka taratibu, na daktari akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Umenyamaza," mpimaji alinong'ona. "Waya wa mkono umenyamaza. Wa mbele unaendelea vile vile."

"Mpe kitambaa," daktari alisema.

Walimpa shuka lile lile, upande ambao hakuwa ameufikia, na sindano yake, dada akiwa ameishikilia kwa vidole viwili kama nge. Pindo alikunja, akabana, akachoma. Mara moja tu.

"Haya hapa!" Kijana alisahau heshima, akapiga paja. "Akichoma, yanakuja. Akivuta, yanakuja. Simama, mama! Simama. Mnaona? Yamekwenda. Shona!"

Shona, simama. Shona, simama. Pindo alishona mbele ya madaktari, kilemba kichwani na nyaya zikining'inia, na kwenye kioo mkono wake ukaonekana ukizungumza kila unapofanya kazi na kukaa kimya kila unapopumzika, kama mkono wa mtu mzima yeyote. Mpasuaji, aliyekuwa amefunga mikono kifuani, aliifungua.

Hawakuishia hapo, maana mtu hafunguliwi kichwa kwa kupiga makofi. Walipitisha umeme hafifu kwenye waya ule wa nyuma, na kidole gumba cha Pindo kikaruka chenyewe, akashtuka na kucheka. Walimrudishia dawa kidogo apate usingizi wa kweli, nesi akiangalia mikono, na katika usingizi huo sehemu ya mkono ilitulia, wakati ile ya mbele iliendelea kutoa mawimbi yake ya kasi, kidogo kidogo, mahali padogo pasipozidi ukubwa wa kifungo cha koti. Waliirudia mishtuko yote waliyokuwa wameirekodi, na sasa wakijua pa kutazama, waliona jinsi kila mmoja ulivyotoka mbele ukarukia mkono kufumba na kufumbua.

"Siwezi kukuahidi kitu," daktari alimwambia. "Mawimbi haya ni ushahidi mzuri, si ushahidi pekee, na wapo tuliowapasua tukiwa na hakika wakarudi na mishtuko. Lakini ushahidi wote sasa umesimama upande mmoja."

"Na mkono?"

"Nitapita mbele yake," mpasuaji alisema. "Unaweza kuwa mzito siku za mwanzo, kwa uvimbe. Kisha utarudi."

Pindo alimtazama mikono yake mipana kwa muda. "Unaposhona ngozi ya kichwa," aliuliza, "unakunja ukingo?"

"Hatukunji, mama. Tunakutanisha."

"Basi kutanisha vizuri. Nitakuja kukagua."

Alipasuliwa. Alizinduka na kichwa kinachouma kuliko alivyowahi kuumwa, akasema jina la dada yake kabla ya kitu kingine, na dada ndipo akalia, machozi yote aliyokuwa ameyatunza kwa pamoja. Mkono ulikuwa mzito kweli. Kwa siku kadhaa aliweza kushika kikombe tu, na hilo lilimtisha kuliko kisu, lakini hakumwambia mtu, aliomba shuka. Nesi akamletea. Alilichezea kwa vidole vilivyolegea mpaka vikakumbuka, kimoja baada ya kingine, cha shahada chenye kovu kikawa cha mwisho. Alipotoka hospitali, nusu ya manesi wa wodi ile walikuwa na sare zilizopindwa mara mbili.

Dawa hakuacha, daktari alimkataza kabisa. Na ruhusa ya kukaa peke yake haikuja upesi. Ilikuja baada ya kliniki nyingi na maswali yale yale, na kila mara jibu likawa hapana, hakuna mshtuko, hapana, hata mdogo. Muda wote huo kiti kilibaki kwenye kona na desturi ikaendelea. "Uzi!" "Bobini!" Mpaka siku daktari, akiwa amevaa koti jeupe lenye pindo jipya, aliposema sawa, sasa unaweza.

Asubuhi iliyofuata dada alikibeba kiti chake mwenyewe akakitoa nje. Alikuwa amevaa aproni ya kazi, imepigwa pasi, maana tanuri la mikate lilikuwa limempokea tena na alitakiwa kuingia siku hiyo hiyo. Walisimama mlangoni kama watu wasiojuana.

"Haya, mdogo wangu."

"Haya, Dada. Usichelewe."

Pindo alifunga mlango. Alikuwa na ufunguo siku zote, ila tundu la upande wa ndani halikuwahi kuuona. Uligoma kidogo, kisha ukazunguka. Akaketi. Akalaza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga, na cherehani ikaanza kuunguruma kama kawaida yake. Alishona upande mzima wa sketi. Alishona pindo hadi nusu. Ndipo uzi ukakwisha.

Cherehani ikanyamaza, na mdomo wa Pindo ulikuwa umeshafunguka kutangaza. Akaufunga.

Nje, karibu sana na mlango, viatu viligonga hatua moja na kusimama. Chini ya mlango palikuwa na uwazi mwembamba, na kwenye uwazi huo kulikuwa na kivuli cha miguu miwili. Kumbe hakuwa ameondoka. Kitasa kilikuwa mbele ya macho ya Pindo. Alikitazama, na alijua kwamba upande wa pili kuna mtu anayekitazama vile vile, amebana pumzi. Neno moja tu lingetosha. Alilijua, alikuwa amelisema miaka na miaka. Hakulisema. Alikaa na mikono yake mapajani, imetulia, machozi yakimtiririka, akaacha kimya kiwe kimya tu.

Kitasa hakikugeuka.

Baada ya muda kivuli kikasogea. Viatu vikaondoka polepole, vikasita, vikaondoka tena, kisha vikashika mwendo wa mtu anayewahi kazini. Pindo alisikiliza mpaka vikapotelea barabarani, akajifuta uso kwa kiganja, akatia uzi.